Mama Majani na Jani Namba 61

Marehemu, ambaye wengi wetu tulimwita Mama Majani, alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, mtoto wa tatu wa tarishi na mshonaji nguo.

Alianza shule ya msingi mwaka 1975. Akiwa darasa la tatu alitafuna jani ambalo mbuzi walikuwa wakilikwepa, apate kujua wana sababu gani. Ulimi ukafa ganzi. Zamu yake ya kusoma ilipofika, alisoma ukurasa mzima hivyo hivyo, darasa likivunjika mbavu. Mwaka 1990 alipata cheti cha ufundi wa maabara.

Kuanzia 1991 alifanya kazi katika maabara ya dawa za mimea. Alikausha majani, akayasaga, akayaloweka kwenye spiriti, kisha akadondoshea maji yake kwenye seli za saratani ya damu aone zipi zitakufa. Alipima mimea 312. Jani namba 61 ndilo lililomnyima usingizi: liliua seli zile, likaua na zenye afya jirani yake. "Kwenye chupa hata sabuni inaua," alikuwa akituonya.

Mwaka 1995 alifunga ndoa na fundi seremala aliyeitwa maabara kutengeneza rafu. Kazi ya nusu siku ilimchukua siku tatu, na mpaka leo hajaeleza kwa nini. Walijaliwa mabinti wawili.

Februari 2023 alianza kuchoka ovyo, na vipimo vikaonyesha saratani ile ile ya damu. Dunia hii! Alipotundikiwa dripu alisoma jina la dawa, akamwambia muuguzi, "Huyu namjua. Alianza kama ua la bustanini." Alipata nafuu ya mwaka mmoja, kisha ugonjwa ukarudi.

Hapo uvumilivu ukamshinda mumewe. Alichuma jani namba 61, alilolisikia likitajwa nyumbani miaka yote, akalitia kwenye chai kimyakimya. Marehemu alikunywa nusu, akaweka kikombe chini.

"Umeweka gramu ngapi?"

"Kiganja kimoja."

"Cha nani, changu au chako?"

Walicheka mpaka wakalia. Alifariki siku tisa baadaye, Jumanne tarehe 11 Juni 2024, saa tisa alasiri.

Alijua mumewe angejilaumu. Kesho yake baada ya ile chai alitolewa damu, akaagiza ipelekwe kwa wenzake wa maabara pamoja na chai iliyobaki, wapime. "Mpeni jibu, hata likiwa baya. Na lisomwe mbele za watu, asije akasemwa."

Jibu lilitoka jana. Kiganja kimoja kwenye maji ya moto kilikuwa kidogo mno: chai haikudhuru seli zenye afya, wala haikuzigusa zile za ugonjwa. Haikumuua, na isingemponya hata angeianza mapema. Fundi alisikiliza, akauliza, "Kwa hiyo si mimi?"

"Si wewe, shemeji," akajibu mmoja wa wale wa maabara.

Akakaa chini, akalia kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

Ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja, na dada yake mkubwa anayewasomea haya. Apumzike kwa amani. Maswali atuachie sisi.