Mlango wa Haroub na Gharama za Wafungwa

Barazani kwa Haroub, Mji Mkongwe, baada ya sala ya alasiri hatukosi neno. Siku ile redio ilikuwa imetoka kusema kulisha wafungwa ni gharama kubwa, na wengi wakitoka hurudi. Nyuma yetu mlango wa nakshi wa Haroub umefungwa kwa kamba tangu Ramadhani, bawaba ilipokatika; kila fundi anamwahidi kesho. Nahodha, muuza kahawa wetu, keshamimina duru ya pili. Aliyeanza ni Bajeti, karani mstaafu ambaye bado anatembea na kalamu mfukoni, na mtu huyu akianza huwa najuta kuja kupumzika.

— Dawa ni wakwe. Kila mwizi afungwe kwa mama mkwe wake. Hakuna ukuta, hakuna askari, na chakula si cha serikali.

— Na asiye na mke? akauliza Wakili. Huyu anauza simu kuukuu, ila aliwahi kuwa shahidi mahakamani mara moja, basi tumekoma.

— Aozwe kwanza.

— Hizo adhabu mbili kwa kosa moja, sheria haitaki. Mie nasema wapelekwe Paje wakalime mwani. Mtu yumo majini mpaka kiunoni, atakimbiaje?

— Yakhe, maji si yanakupwa? akasema Haroub. Na wale wageni wanaoruka juu ya maji na matiara, je akimdandia mmoja?

— Tutamfukuza, akajibu Wakili.

— Kwa Vespa yako hiyo ya kusukuma?

Haroub akaweka kikombe chini.

— Nnakwambieni, tuingie sie ndani, wezi wabaki nje. Watamwibia nani?

— Na gharama? akauliza Bajeti.

— Wezi watatulisha. Wana kazi gani nyengine?

Nilicheka mpaka kahawa ikanimwagikia kanzuni.

Mara akatokea mtu na kikapu. Tukamjua: Miraji wa Jang'ombe, aliyefungwa kwa baiskeli ya watu, katoka jela ya Mafunzo asubuhi ile. Wakili akapapasa mfuko wake wa simu. Naona haya kusema, nami nilipapasa wangu.

Miraji alitusalimia, akaugusa mlango.

— Mbao nzima, bawaba tu. Kule wamenifunza useremala, hii kazi ya saa moja. Ila lazima niingie ndani. Leo nshapiga hodi nyumba sita. Kazi wanayo, ila hawataki nipite mlangoni. Nikirudi nyumbani mikono mitupu, sijui kesho nitaamkia nini. Nani hapa ataniruhusu niingie kwake na nyundo?

Bajeti akatoa kalamu, akairudisha. Wakili akanyoosha kikombe. Nahodha akainamisha dele la kahawa, likatoa machicha. Haroub alikuwa akiitazama kamba yake.

Sauti ya mkewe, Bi Ulfat, ikatoka ndani:

— Haroub, mfungulie. Mlango wenyewe kamba. Angelitaka kuiba, asingelipiga hodi.

Haroub akainuka, akahangaika na lile fundo, likamshinda. Miraji akalifungua kwa mkono mmoja, akaingia. Sote tukajifanya hatukuona alivyolifungua upesi.