Marehemu Mwalimu Gaudens Rwegasira na Darasa Lake la Alasiri, Temeke

Mwalimu Gaudens, tunayemzika leo, alizaliwa tarehe 3 Machi 1908 huko Kamachumu, Bukoba. Alisoma shule ya misheni Kashozi, kisha ualimu Tabora. Alimwoa Demetria mwaka 1934, na miaka minne baadaye wakahamia Temeke. Alikuwa mtu wa wasiwasi. Mimi mdogo wake, Apolinari, sikuwahi kumwona ametulia kwenye kiti.

Mwaka jana alianzisha darasa la alasiri la watu wazima. Januari hii mkaguzi wa elimu alimwambia kuwa nusu yao wasipofaulu mtihani wa kusoma, darasa litafungwa. Akamwachia na ushauri wa Kiingereza: karoti na fimbo. Kaka aliwaeleza wanafunzi maana yake. Punda huonyeshwa karoti mbele ili aitamani, na nyuma huandamwa na fimbo ili aogope. Waingereza husema hivyo mtu anapohimizwa kwa zawadi na adhabu pamoja.

Akaujaribu. Waliowahi aliwaahidi sabuni, waliochelewa akawafungia mlango. Mahudhurio yakapungua, naye usingizi ukamwisha. Bi Mwajabu, muuza vitumbua, alipofungiwa mara ya pili alisimama dirishani, akasema kwa upole, "Shikamoo, mwalimu. Sabuni ninayo, na wa kunifokea yuko nyumbani. Mie nimekuja kusoma."

Kaka alimfungulia, na hakumfungia mtu tena. Ikawa anapita nyumba kwa nyumba kuuliza nani amekwama wapi. Wengi walirudi, lakini hofu haikumtoka, maana sasa hakuwa na cha kuwashikilia.

Mwezi Mei moyo ulianza kumsumbua, binti yake Yuliana akashika darasa. Kila jioni kaka alimuuliza mkewe, "Wamekuja wangapi?" Shemeji alimjibu kuwa wamekuja wote. Haikuwa kweli, na shemeji ameniruhusu niyaseme haya. Kaka alifariki nyumbani kwake Alhamisi, tarehe 12 Julai 1956.

Ameacha mjane, watoto wawili, Yuliana na Theonest, mimi mdogo wake, na wanafunzi wake, ambao wengi nawaona hapa makaburini. Ndugu zangu, mtihani ni keshokutwa, Jumatatu, saa tisa alasiri. Sina cha kuwaahidi, wala sina cha kuwatisha. Naogopa tu.

Mungu ampe kaka pumziko la amani. Ameondoka akiamini mnakuja wote. Nawaomba Jumatatu iwe kweli.