Anyitike Mwasomola, Fundi Aliyelipima Kosa Lake

Ndugu wafiwa, majirani wa Ilomba, nanyi mliopanda malori kutoka Iringa, mimi ni Ambrosi Kalinga wa Mufindi, si wa ukoo huu, lakini mjane, Mama Ikupa, ameniomba niwasomee maisha ya mumewe, nami nimekubali kwa moyo wote.

Marehemu Anyitike Mwasomola alizaliwa Rungwe mwaka 1911, akasoma shule ya misheni kuanzia 1921 hadi 1926, na kwa kuwa alikuwa hodari wa hesabu na mbovu kabisa wa kuimba, jambo ambalo wanakwaya waliopo hapa watalithibitisha, alipelekwa kujifunza ufundi wa bomba. Tarehe 20 Juni 1936 alifunga ndoa na Ikupa, wakajaliwa watoto wanne, Lea, Sedekia, Yudith na Tusajigwe. Mwaka 1939 aliajiriwa katika hospitali moja nje ya mji wa Iringa, na mwaka 1947 akawa mkuu wa mafundi, mimi nikiwa chini yake.

Mwaka 1950 tulilaza bomba jipya la chuma ndani ya birika la chemchemi, naye akachagua kulifunga kichujio cha shaba, akisema shaba haishiki kutu, na kweli haikushika. Februari 1952 bomba lilikatika chini ya maji, pale pale lilipoungana na shaba, wodi zikakaa siku sita bila maji, na kwa kuwa wiki ile nilikuwa nimegombana na msimamizi wa hospitali, ikasemekana nimelikata kwa tupa. Marehemu alipoulizwa alijibu kwamba chuma kinene namna ile hakiwezi kuliwa na maji matamu kwa miaka miwili, na kwa neno hilo nikafukuzwa tarehe 10 Machi, nikarudi kwetu nikiitwa mharibifu, na sitaficha kwamba nilimchukia.

Yeye hakutulia, maana ncha ya bomba haikuwa na alama ya tupa, ilikuwa na vishimo vishimo. Mwezi Aprili alikata vipande vinne vya bomba lile lile, akavipima kwa mizani ya dawa, viwili akavitumbukiza birikani peke yavyo, viwili akavifunga na shaba, akaviacha miezi kumi na mitatu. Alipovitoa, vile vilivyokaa peke yavyo vilikuwa na kutu ya juu juu tu, vilivyogusana na shaba vilikuwa vimeliwa hadi kidole kinapenya, akajua kwamba hakuna aliyelikata bomba, lililiwa kwa sababu ya kichujio cha shaba alichokichagua mwenyewe.

Msimamizi alimshauri anyamaze, maana mimi nilikuwa nimekwisha kuondoka na yeye alikuwa na cheo cha kulinda, lakini marehemu alipanda lori hadi Mufindi, akavua kofia mlangoni, akamwamkia mama yangu kamwene kwa Kihehe chake kibovu, akaeleza mbele ya majirani wote kwamba kosa ni lake, na Jumapili tarehe 14 Juni 1953 akayarudia hayo kanisani. Alivuliwa ukuu, mimi nikarudishwa kazini, tukafanya kazi bega kwa bega miaka minne, na hakunikumbusha hata siku moja kwamba cheo chake kilikwenda kwa ajili yangu.

Mwaka 1957 alianza kuumwa figo, akaja kukaa hapa Ilomba, akalazwa Mbeya mara tatu, na asubuhi ya tarehe 14 Agosti 1958 akafariki, Mama Ikupa akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani waliochimba kaburi, walioleta kuni, ndizi na maziwa, na wafanyakazi wenzake waliosafiri mwendo wote huu wakiwa wamesimama kwenye lori. Nami nina shukrani yangu kwako, Mwasomola: mama yangu alifariki mwaka 1955, akafa akijua kwamba mwanawe hakuwanyima wagonjwa maji, na zawadi hiyo hakuna mtu mwingine duniani aliyeweza kumpa.

Pumzika kwa amani, fundi wangu.