Bi Kamusi na Ukuta wa Bwawa

Ndugu waombolezaji, mama yetu tunayemsindikiza leo, ambaye wengi mlimwita Bi Kamusi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa kitinda mimba, na dada zake wanasema alianza kubishana kabla ya kuota meno.

Alisoma sekondari ya bweni, akahitimu tafsiri na ukalimani mwaka 1984, akaajiriwa katika ofisi ya bwawa kutafsiri maandishi ya wahandisi. Mwaka 1987 aliolewa na fundi cherehani, anayedai hadi leo kwamba bibi huyu alikuja kupimwa sketi akaondoka na fundi, wakajaliwa mabinti wawili.

Juni mwaka huu alipokea ripoti ya Kiingereza ya ukuta wa bwawa yenye neno “debacle”, ofisi ikataka aandike “hitilafu”, watu wa bondeni wasije wakataharuki. Akalichimba neno, akakuta asili yake ni Kifaransa, kuondoa komeo, kisha likawa barafu ya mto inayopasuka na kushuka kwa mkupuo, kisha jeshi linalokimbia ovyo, na mwisho anguko lolote kubwa. Mumewe akamtania kwamba huku barafu tunaiona kwenye friji tu, naye, bila kucheka, akasema, “Baba watoto, toa barafu, weka bwawa, halafu uniambie kama bado unacheka.”

Aliandika, “Ukuta ukiachia, maji yatashuka yote kwa pamoja, hameni,” mkuu wake akafuta, akabandika “hitilafu”. Lakini mama hakuwahi kutoa tafsiri bila kumsomea atakayeitumia, basi akashuka bondeni, mlango kwa mlango, usingizi umemruka, presha inapanda, wengine wakahama, wengine wakamwambia, “Bi Kamusi, ofisi imesema hitilafu, wewe umetumwa na nani?” Tarehe 2 Septemba alianguka kwenye kizingiti cha mmoja wao, akafariki hospitalini tarehe 5.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliombeba, na mfanyakazi mwenzake aliyetunong'oneza asubuhi hii kwamba maji yanayovuja ukutani sasa yanatoka na udongo, yaani ukuta unaliwa kwa ndani. Kwa hiyo familia inawaomba, mliotoka bondeni, msishuke kufuata hata sufuria, laleni kwetu huku juu, tutabanana, na aliyeacha mtu nyumbani ampigie simu sasa hivi, mazishi yatamsubiri.

Mama, pumzika kwa amani, sisi huku bado hatujaipata.