Fundi Aliyenyamazisha Usukani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Maboresho ya Usafiri, Bwana Florian Shija. Viongozi wetu wa dini, shehe pamoja na mchungaji. Mzee Yunusu Abdulnasir, Fundi Mkuu wetu tunayemuaga leo, na mkewe Mama Mwanaamina. Wauguzi, madereva, mafundi, na ndugu wote mliofika hapa ukumbini Kamunyonge: kama yupo mkubwa niliyemruka, anisamehe. Kimo changu hakifiki kwenye viti vyote.

Wazee wangu, shikamooni. Wengine, habari za mchana.

Mimi ni Bhoke Nyamhanga, dereva wa gari la wagonjwa kwa mwaka wa kumi na moja sasa. Ratiba imenipa dakika tano, na mshereheshaji amenionya nisizipitishe. Lakini jambo nitakalolieleza, Kamati ililijadili kwa miezi kumi na moja. Naomba niazime dakika chache kutoka kwenye miezi hiyo. Sidhani kama kuna mtu bado anaitumia.

Kwa wageni wasioyajua magari: nguzo ya usukani ni lile bomba linalotoka pale dereva anaposhika, likashuka mpaka karibu na miguu yake. Ndani yake mna chuma kinachopeleka amri ya mikono kwenye matairi. Nguzo ya gari letu ilikuwa na magonjwa mawili. La kwanza, ilikuwa haipandi wala haishuki. La pili, ilikuwa ikigonga, kakakakaka, tangu unaacha lami mpaka unarudi kwenye lami.

Sasa gari lile lina madereva wawili. Makongoro, hebu simama watu wakuone. Mnamwona? Na mimi hapa nilipo pia nimesimama. Makongoro akiendesha asubuhi, magoti yake yalikuwa yanapigana na usukani. Nikipokea mimi mchana, barabara nilikuwa naitazamia katikati ya usukani, kama mtu anayechungulia dirishani harusi asiyoalikwa. Tulivumilia. Mtumishi wa umma akikosa kifaa huvumilia, na akivumilia sana huandikiwa kuwa kifaa kipo.

Basi mwaka juzi, mwezi wa tatu, tulikuwa tunatoka zahanati moja ya ndani huko Butiama. Nyuma alikuwepo Mzee Wanzagi, mkulima wa mihogo, aliyeanguka kutoka kwenye paa la nyumba yake na kuvunjika paja. Muuguzi alikuwa dada Sara, yule pale. Njiani mkanda wa kitanda ukafunguka, kitanda kikaanza kuteleza kwenda na kurudi na mguu uliovunjika juu yake. Sara akapiga kelele: "Bhoke, simama!" Mimi nasikia kakakakaka. Akaita tena, akaita na jina la baba yangu. Kakakakaka. Mwisho akavua kiatu, akakirusha kupitia kidirisha, kikanipiga begani. Ndipo nikasimama.

Nilizunguka nyuma nikafungua mlango. Mzee Wanzagi alikuwa ameuma shuka, machozi yanamtiririka mpaka masikioni. Hakunitukana. Aliniambia hivi: "Mwanangu, nilipiga kelele zote nilizokuwa nazo."

Ndugu zangu, maneno hayo nimekaa nayo. Mzee alipona, anatembea kwa mkongojo, na juzi alituletea mihogo. Lakini nimekaa nayo.

Siku ile ile niliandika taarifa: nguzo ya usukani inagonga kiasi kwamba dereva hasikii anachoambiwa na muuguzi. Ofisi haikuchelewa. Ilinijibu baada ya wiki mbili tu, ikanitaka nijieleze kwa nini nilikaidi maelekezo ya mtaalamu wa afya. Nilipojieleza, nikapelekwa kupimwa masikio. Yalionekana mazima. Ofisi ikasikitika kidogo, maana masikio yangekuwa mabovu jambo lingekwisha. Ndipo ikaundwa Kamati.

Je, nani anathubutu kusema Kamati haikufanya kazi? Ilikaa vikao tisa. Nilikuwa naipelekea chai dada wa masijala akiwa likizo, kwa hiyo mengine niliyasikia kwa masikio haya haya yaliyopimwa. Swali moja tu halikuulizwa katika vikao vyote tisa: gari liko wapi, tukalione? Gari lilikuwa nje, chini ya dirisha lao.

Kamati ikatoka na mapendekezo mawili. La kwanza, wauguzi wafundishwe kupaza sauti. Msicheke. Semina ilifanyika, siku mbili, na Sara alihudhuria. La pili, ifikapo mwisho wa Juni, dereva wa gari lile awe mtu mwenye urefu usiopungua futi tano na inchi sita. Mimi nina futi nne na inchi kumi na moja, nikiwa na viatu na furaha. Kwa hiyo ningehamishiwa masijala nikapange mafaili. Waheshimiwa, waliona ni rahisi zaidi kurekebisha watu kuliko kurekebisha usukani.

Nilikwenda karakana kumuaga Mzee Yunusu. Nilimkuta amekaa juu ya tairi anakunywa uji.

Nikamwambia, "Mzee, nimekuja kuaga. Wananipeleka masijala. Wanasema mimi ni mfupi."

Akanitazama. "Walipokuajiri, ulikuwaga mrefu?"

"Hapana, Mzee."

"Basi kilichoharibika si wewe. Lete gari."

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hayo ndiyo yalikuwa majadiliano yake yote. Hakuunda kikosi kazi. Alichukua utepe akanipima mkono, mgongo na mguu kama fundi cherehani, akampima na Makongoro, akachora kwenye boksi la vipuri. Ilikuwa tarehe nne Juni.

Mara ya kwanza alifunga vipande vya mpira wa baiskeli kati ya nguzo na kishikizo chake. Kelele zikaisha. Siku ya nne joto likalainisha mpira, kelele zikarudi na ndugu zao. Mara ya pili alikaza nati mpaka mwisho. Gari likanyamaza kabisa, lakini usukani ukawa mzito, ukikata kona unarudi kwa kusitasita. Zikawa zimebaki siku kumi na moja Juni iishe. Nikamwomba, "Mzee, niachie hivyo hivyo. Mikono yangu ina nguvu."

Alichomoa funguo akazitia mfukoni. "Bhoke mwanangu, ukimya wa namna hii ni ukimya wa maiti. Usukani ukikukatalia mara moja tu, wewe na mgonjwa tutawasalia siku moja. Shuka."

Nilishuka nikilia, na nilimkasirikia. Leo nasema mbele ya mkewe: Mama Mwanaamina, nilimsema vibaya mumeo njia nzima mpaka Buhare. Naomba radhi.

Mtu mmoja wa ofisini, sitamtaja kwa kuwa bado tunakula naye, akashauri basi nguzo ichomelewe pale pale, kwa urefu wa Makongoro, mjadala ufungwe. Mzee Yunusu alimjibu kwa adabu kwamba chuma cha usukani hakichomelewi kienyeji, kwa sababu kikikatika hakimwiti mtu kwenye kikao.

Akalala chini ya usukani siku mbili, ncha moja ya bisibisi ndefu kwenye chuma na ncha nyingine sikioni, mimi natikisa. Siku ya pili mchana akatoka mbio, uso umejaa vumbi, akasema: "Nimeipata! Kitu kinachotakiwa kusogea lazima kipewe nafasi, na kelele inazaliwa humo humo kwenye nafasi. Sikazi tena. Nafasi naiacha, ila naiwekea mlinzi."

Mlinzi mwenyewe alikuwa kipande cha nailoni ngumu, mabaki kutoka kwa mafundi wa maboti, akakikereza kikawa kabari ya mviringo. Nyuma yake akaweka springi inayoisukuma. Kabari ikilika kidogo, springi inaisogeza, nafasi ya kugongana haipatikani. Ndani akaweka vyuma viwili vya lori kuukuu, vyenye meno, kimoja kinateleza ndani ya kingine bila kuachana. Chini ya usukani akafunga mkono mdogo: ukiuvuta, nguzo inapanda, inashuka, inakufuata ulipo, ukiurudisha, inajifunga kwa meno na haitikisiki. Makongoro akapata nafasi ya magoti. Mimi, kwa mara ya kwanza kwenye gari lile, niliuona mfuniko wa injini. Sikuwa najua kuwa una mchubuko.

Siku ya kujaribu, Mzee alimweka Sara nyuma, akamwambia, "Taja samaki wa ziwani, kwa sauti ya kawaida, usipaze." Tukaingia barabara mbovu kuliko zote tuzijuazo, ile ya mashimo kuelekea mashamba ya Buhare. Sara akasema sato. Nikajibu sato. Akasema sangara, nikajibu. Kamongo. Gogogo. Furu. Nembe. Dagaa. Alipofika kwenye dagaa sauti yake ilikuwa imebadilika. Niligeuza kioo nikamwona anafuta macho kwa kola ya gauni lake la kazi. Akasema, kwa kunong'ona kabisa, "Bhoke, simama." Nikasimama pale pale.

Mzee Yunusu alikuwa pembeni yangu. Alisema "Alhamdulillahi," kisha akaniuliza kama nimemwachia maji ya kunywa.

Hakutaka gari lirudi kazini hivi hivi. Alimwita mkaguzi wa magari, Bwana Enos, akaomba mwenyewe kazi yake ikaguliwe. Bwana Enos alikuja na shati jeupe, akalala chini ya gari kwa saa mbili, akafungua kila kitu, akapima, akafunga, akaendesha mpaka Bunda na kurudi. Aliporudi shati lilikuwa na rangi ya grisi, na hati ilikuwa imesainiwa. Ndiye mtu wa kwanza mwenye cheo niliyemwona akikagua usukani wenyewe badala ya faili la usukani. Tarehe ishirini na saba Juni nilikuwa barabarani. Lile agizo la futi tano na inchi sita likafutwa kimya kimya. Ofisi yetu ikitoa agizo huligonga muhuri. Ikilifuta, huliacha lifie drooni.

Baada ya hapo Kamati ikaamka. Ikakaa Bunda siku tatu kutathmini mafanikio yake, ikaandika taarifa ya kurasa arobaini na mbili. Nimeisoma. Mzee Yunusu yumo, ukurasa wa thelathini na tisa, katika maneno "pamoja na wadau wengine". Cheti cha ubunifu kikaenda kwa Mwenyekiti.

Naomba makofi kwa Bwana Florian. Zaidi, ndugu zangu, msione haya. Kupokea cheti cha kitu ambacho hujawahi kukigusa kunahitaji mkono usiotetemeka. Na siku ya kukabidhiwa, mwandishi mmoja wa habari, kwa nia njema tu, alimwomba atuonyeshe jinsi usukani unavyoshuka. Mwenyekiti akaketi, akainama, akavuta mkono kwa kujiamini, na boneti ikafunguka. Nilikwenda nikamwelekeza ulipo. Aliniambia, "Asante dada, nilikuwa nataka wauone na injini." Bwana Florian, kwa jibu lile nilikuheshimu. Ni jibu la mtu anayejua kujitetea ghafla.

Mzee Yunusu alikuwa amesimama nyuma ya watu anapiga makofi. Nilimuuliza, "Mzee, huumii?" Akasema, "Cheti ningekining'iniza wapi, ukuta wangu una picha za wajukuu." Lakini mikono yake aliificha mfukoni. Aliumia. Tusijidanganye leo kwa kuwa kuna pilau.

Namalizia. Wiki mbili zilizopita, siku ya Ijumaa, alipewa barua. Barua inasema michoro yote ya nguzo ni mali ya ofisi, aikabidhi, na kuanzia Jumatatu haruhusiwi kumfundisha mtu wa nje namna ya kuitengeneza. Alisoma mara mbili, akakunja, akanipigia simu.

"Bhoke, hii barua inaanza kazi lini?"

"Jumatatu, Mzee."

"Na leo?"

"Ijumaa."

"Basi niitie mafundi."

Jumamosi asubuhi walianza kufika nyumbani kwake. Walitoka Bunda, walitoka Butiama, walitoka gereji za hapa Musoma, wengine kwa pikipiki na spana mgongoni. Mama Mwanaamina alipika sufuria mbili, akaongeza ya tatu. Mzee alifundisha siku mbili mfululizo, hata sauti ikakauka, akawa anaonyesha kwa vidole. Hakuna aliyeondoka kabla ya kuifunga na kuifungua nguzo kwa mikono yake mwenyewe mara tatu, na kila mmoja aliapishwa kutoifunga kwenye gari lolote kabla ya mkaguzi kuiona. Jumatatu saa mbili asubuhi alikabidhi michoro ofisini, akasaini, akafunga mdomo kama alivyoagizwa. Sijawahi kuona mtumishi mtiifu kama yule.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, nakushukuru kwa kuacha kazi zako ukaja. Nawashukuru walioandaa, waliopika, na mshereheshaji ambaye amekuwa akininyooshea saa tangu nilipokuwa Butiama. Mwenye shukrani hamalizi maneno, ila leo nitayamaliza kwa ombi moja dogo.

Mafundi mliokuwa kwa Mzee Jumamosi ile na Jumapili, popote mlipokaa humu ukumbini, naomba msimame.

Simameni tu, msiogope.

Mzee Yunusu, geuka uwatazame. Nimewahesabu mlangoni: thelathini na wanne. Nenda kapumzike, baba.

Asanteni sana kwa kunipa muda wenu.