Mama Akoth na Samaki Aliyelala Kabatini

Mwalimu Phelister Akoth, tunayemwita Mama Akoth, anastaafu leo, tarehe 9 Desemba 1977, baada ya kufundisha shuleni kwetu Kisugu kwa miaka ishirini na mitatu. Katika muda huo ametuletea vinyonga, kumbikumbi, mayai ya kenge, na konokono mmoja aliyepotelea kwenye birika la chai ya walimu. Chai tuliinywa. Konokono tulimpata baadaye.

Alitoka Kisumu, Kenya, kuja kufundisha hesabu, kazi ambayo imeniangukia mimi, kwa sababu kwake panzi akipita dirishani, hesabu imekwisha. Akapewa somo la viumbe, nasi tukapumua.

Chaki ilipoadimika na vitabu vikaacha kuja, Mwalimu Mkuu wetu, Bwana Tarcisio Obwona, alitaka somo hilo lifutwe. Mama Akoth alimjibu kwamba panzi haagizwi ng'ambo, na kwamba mtoto aliyezoea kutazama kitu kwa macho yake mwenyewe hadanganyiki upesi. Somo likabaki. Akawa anawapeleka watoto ufukweni Luzira kutazama ndege, akiwasisitizia watazame upande wa ziwa tu, ule upande mwingine, wa gereza, wawaachie wenyewe.

Lakini najua mnangoja habari ya debe. Haya.

Mwishoni mwa mwaka juzi alinunua sokoni Ggaba kamongo aliye hai, yule samaki mrefu wa matopeni mwenye mapafu. Wachuuzi walimcheka, maana alikataa katakata samaki apigwe rungu. Akamtia kwenye debe la matope, akayaacha yakauke hadi yakawa tofali, akaliweka kabatini na kupiga marufuku mtu yeyote kuligusa. Alitaka Darasa la Sita lione jinsi kamongo anavyolala kiangazi kizima bila maji, kisha akaamka mvua ikija.

Marufuku ilifika kambi ya jeshi kabla ya mvua. Watoto walisimulia nyumbani, na nyumbani kwa wengi wao ni kambini. Asubuhi moja akaingia Sajini Kamis na askari wawili, kutafuta kile Mkenya anachoficha kwenye debe. Siku zile, kuwa Mkenya tu kulikuwa kesi. Alipoambiwa ni samaki, Sajini alisema samaki bila maji ni kitoweo, na yeye si mtoto. Akachomoa singe apasue tope. Mama Akoth akasimama mbele ya debe. Alimwambia akipasua atamuua samaki, na ushahidi wa wote wawili utakuwa umekufa. Amwage maji, angoje. Sajini akakubali kwa sharti moja: samaki asipotoka, mwalimu anapanda gari lao. Sote tulijua gari lile halirudishi watu.

Maji yakamwagwa. Sajini akaketi juu ya dawati la mbele. Watoto wakanyamaza kimya ambacho mimi, kwa fimbo na vitisho, sijawahi kukipata. Tope likalainika, likatulia, likaendelea kutulia. Jamani! Mama Akoth alikuwa hajawahi kumwamsha kamongo hata mmoja; alikuwa amesoma tu. Mimi pale mlangoni nilisahau dua zote.

Kisha tope likatikisika, pua ikachomoza, na kamongo akavuta pumzi kwa sauti kama ya mzee anayekoroma. Sajini Kamis, ambaye leo tunaye ukumbini, ameturuhusu kusimulia yote mradi tusiseme aliruka. Hatutasema. Dawati ndilo lililoanguka.

Akauliza nani alikuwa akimlisha samaki huyo, na alijuaje maji yamekuja. Darasa zima likamjibu kwa pamoja, bila woga wowote. Na mtu ambaye sisi wakubwa tulivuka barabara kumkwepa akakaa akifundishwa na watoto hadi kengele ya chakula. Gari likaondoka bila mwalimu. Wiki iliyofuata Sajini akatuletea kobe.

Mama Akoth, ahsante sana, hata kwa yule konokono. Kisumu ikupokee vizuri, upate samaki wa kula na wa kutazama. Debe jipya ulilotuachia liko kabatini na hatutaligusa. Sajini ameomba amwage maji yeye mwenyewe mvua za Machi zikianza, nasi dawati tumeshaligongomea misumari.

Leo tutakusindikiza wote hadi kwenye basi, mchana kweupe. Si wenzetu wote walioondoka hapa tuliopata nafasi ya kuwapungia mkono. Wewe tutakupungia mpaka basi lipotee.