Kahindi Wawili, Mstari Mmoja

Kijiwe changu kiko Shika Adabu, Likoni, ubavuni mwa duka la simiti ambalo halijafunguliwa tangu mwenyewe ahamie Nyali. Nasema changu kwa sababu dele la kahawa ni langu, jiko ni langu, na benchi nililigongelea mguu mimi mwenyewe, Nguma. Wateja wangu hilo hawalijali. Hunywa kikombe kimoja wakaongea vikombe kumi, na mimi nachochea makaa nimenuna. Lakini asubuhi ile hata kununa nilisahau. Kahindi Kiponda, kijana fundi baiskeli, alikuja kavaa shati lililopigwa pasi na uso wa mtu aliyetoka mazikoni. Mwezi mzima alikuwa ametutangazia kwamba amepata nafasi ya kufunzwa kuendesha foklifti, zile mashine za kunyanyulia mizigo boharini. Tulikuwa tumeshamzoea kama dereva.

— Si leo unaanza darasa? nikamuuliza.

KAHINDI: Ndiyo leo, saa nane, huko Changamwe. Lakini jana nilipokwenda kuripoti walinirudisha langoni. Wanasema mimi si mimi.

Mzee Badawi akaweka kikombe chini. Huyu tunamwita Kamusi, maana hakuna neno linalopita mbele yake bila kukaguliwa.

BADAWI: Weye si weye? Yambo gani hilo?

KAHINDI: Wana ripoti, mzee. Imeandikwa Kahindi Kiponda, nambari ya simu yangu, darasa la foklifti. Kisha imeandikwa umri miaka themanini na moja, jicho la kushoto lina mtoto wa jicho. Bawabu akanitazama, akatazama karatasi, akasema anamsubiri huyo mzee.

ABSALOM: Buda, hiyo si makosa. Hiyo ni system.

Absalom ametoka bara na hulinda bohari usiku. Tumempa jina la Makao Makuu, kwa sababu kila jambo kwake lina wakubwa fulani wanaolijua.

BADAWI: Sema mfumo. System ni nini?

ABSALOM: Mfumo basi, Kamusi. Kuna mtu ameuza jina la Kahindi. Mzee fulani tajiri amelinunua, anataka kuendesha foklifti kabla hajafa.

BADAWI: Tajiri wa miaka themanini aende kupanga magunia? Mimi naona ni hivi. Kompyuta siku hizi zaona ndani ya mtu. Kahindi amechukua jina la babuye, na jina lina mwenyewe. Mashine imemuona mwenyewe amekaa mle ndani.

KAHINDI: Na mtoto wa jicho pia amo humo ndani?

BADAWI: Mato ya babu yaja na babu.

ABSALOM: Hapana, hapana. Ngoja nimeipata. Hiyo ripoti ni ya mbele. Wameangalia Kahindi atakuwaje akizeeka. Siku hizi hawakuajiri kabla hawajaona mwisho wako.

Nikacheka hadi makaa yakaruka. Kahindi hakucheka. Saa nane ikipita, nafasi yake inapewa mtu mwingine. Alikuwa ameshawaaga hata wateja wa baiskeli.

Hapo ndipo Velma alipofika. Velma ni mteja wangu wa kila asubuhi, na hufanya kazi ya kompyuta katika ofisi ya mradi wa vijana unaotoa mafunzo hayo na kuendesha zahanati. Alikuja mbio, simu mkononi.

VELMA: Kahindi, nimekutafuta gereji kote. Ile ripoti ni yangu.

Absalom alionekana kuvunjika moyo kwamba Makao Makuu ni Velma.

VELMA: Tuna hifadhidata mbili.

BADAWI: Ahsante, binti. Hifadhidata.

VELMA: Moja ni ya mafunzo. Ina jina, simu na darasa, basi. Ya pili ni ya zahanati, ina jina, simu, umri na hali ya macho. Ni kama makabati mawili yaliyo vyumba tofauti. Wakubwa walitaka ripoti moja, kila mtu na mstari wake. Nikazikutanisha kwa vile vitu viwili vilivyomo kote, jina na simu. Zikakutana vizuri, watu mia tatu. Nilifurahi, wallahi, nilicheza peke yangu ofisini. Sasa Kahindi, zahanati ulikwenda lini?

KAHINDI: Mimi sijaenda. Nilimpeleka babu, mwaka jana. Hana simu, nikatoa nambari yangu.

VELMA: Na babu anaitwaje?

KAHINDI: Kahindi Kiponda. Kwetu kifungua mimba wa kiume hupewa jina la babu. Babu ni Kahindi wa Kiponda, akamzaa baba, Kiponda wa Kahindi, baba akanizaa mimi, Kahindi wa Kiponda.

Velma akajipiga paji la uso, halafu akacheka, na sisi sote tukachangamka kama tuliopata bao. Kumbe si jini, si tajiri, ni jina. Nikawamiminia wote bila kuulizwa, jambo ambalo silifanyi.

BADAWI: Yambo jepesi. Tia jina la mama. Mamako nani?

KAHINDI: Dama.

BADAWI: Na mama wa babuyo?

KAHINDI: Dama.

ABSALOM: Kijiji je?

KAHINDI: Kaloleni, boma lile lile.

ABSALOM: Basi wewe ni babu yako, kubali tu uende ukatibiwe jicho.

VELMA: Nambari ya kitambulisho ingewatenga, lakini haikuandikwa kokote. Nimeongea na Changamwe sasa hivi. Wanasema nikiwatumia picha ya Kahindi wawili wamesimama pamoja, kila mmoja na kitambulisho chake, nauvunja ule mstari, unakuwa miwili. Nafasi inarudi leo hii. Babu angekuwa hapa tu.

Kahindi akajikuna shingo.

KAHINDI: Jana usiku nilimpigia kwa simu ya jirani yake, Carolyne. Nilikuwa na uchungu, nikafanya mzaha. Nikamwambia, somo, kompyuta imesema mwanafunzi ni wewe, darasa ni kesho, jitayarishe.

Wao huitana somo, kama waitanavyo watu wa jina moja huku kwetu.

VELMA: Akasemaje?

KAHINDI: Simu ikakatika kabla hajajibu.

Tukaanza kupanga. Absalom akasema ana rafiki mwenye pikipiki, Kaloleni atakwenda na kurudi kabla ya adhuhuri. Badawi akajitolea kwenda kumshawishi mzee kwa Kiswahili fasaha. Velma alikuwa tayari amesimama. Nikamimina tena, na tena, maana furaha ya kijiweni huwasha koo.

Ndipo mzee mmoja akakunja kona ya duka la simiti. Shati jeupe, limefungwa vifungo hadi shingoni. Viatu vya kanisani. Kalamu mbili mfukoni.

KAHINDI: Shikamoo, somo.

— Marahaba, somo. Nimetoka alfajiri. Nimeuliza njia mpaka nimechoka.

Velma alirukaruka pale pale. Akawasimamisha bega kwa bega, akaomba vitambulisho, mzee akatoa chake upesi kama aliyekuwa akisubiri kuulizwa. Picha ikapigwa, ikaenda. Simu ikalia papo hapo: imekubaliwa, mistari miwili. Absalom akapiga makofi. Kahindi akamkumbatia babu yake, na mzee naye akamkumbatia, akicheka kwa fizi zote.

— Hata mimi nimefurahi, akasema mzee. Tangu niitwe shule nikiwa mtoto, baba akakataa nisiende, sijaitwa tena. Sasa nambieni, darasa liko wapi?

Velma akashusha simu. Nikamtazama Badawi, mwenye maneno yote, naye akatazama ndani ya kikombe chake. Niliona haya, na mzaha haukuwa wangu.

— Nimewahi makusudi, akasema mzee, akikaa kwenye benchi. Nataka kuketi mbele. Jicho hili la kushoto halisomi ubao kwa mbali.

Nikainua dele nimpe kikombe, angalau hicho. Likatoa tone moja, basi. Kahawa yote tulikuwa tumeinywa kwa furaha, na mzee bado ameshika kikombe, ananingoja.